Mke wa Mhunzi na Injini Iliyotetemeka

Juzi basi letu la kwenda Mtwara lilikwama Nanyamba. Dereva akikanyaga mafuta, injini inanguruma vizuri. Akiachia, inatetemeka kama mwenye homa, kisha inazima. Fundi wa basi akachomoa bisibisi.

"Kabureta hii. Naifungua yote. Mtalala hapa."

Dereva alipoiwasha tena, abiria mmoja, mke wa mhunzi, akainamia injini akitega sikio. "Ngoja, mwanangu. Hapa panavuja pumzi."

"Mama, injini umesomea wapi?"

"Kila siku namvukutia mume wangu moto. Ngozi ya mvukuto ikitoboka, hulia hivi hivi."

Akabana kwa kidole gumba mpira mwembamba uliopasuka. Injini ikatulia tuli. Akaachia, ikatetemeka. Akabana tena, basi zima tukashangilia!

Fundi akaufunga ule mpira. Nilisubiri aombe radhi. Akafanya zaidi.

"Mama," akasema, "hebu nisikilizie na gia."