Bibi alizika tezi yangu kabla haijafika maabara

Wakuu, salaam zenu. Mtanicheka, najua, lakini haya yalinifika mimi mwenyewe, na wallahi sitii chumvi.

Miaka ile nilikuwa nikikaa Likoni na Bibi, aliyenilea baada ya Mama kufariki kwa saratani. Siku hizi naishi Kiembeni, lakini nikisikia harufu ya asumini tu, moyo wanirudisha uani kwake.

Basi nikaota uvimbe kwapani. Bibi akasema ni mtoki, akanikanda kwa maji moto na chumvi. Wiki tatu nzima. Uvimbe ukazidi, ukawa kama limau, na homa ikaja juu yake.

Nikaenda hospitali. Daktari akaubonyeza, kisha akaniuliza Mama alikufa na nini. Nikamwambia. Akaandika upesi kwenye faili. Hapo nikajua anawaza nini.

Akanikata kipande cha tezi ile iliyovimba, akakitia kwenye kichupa chenye dawa ya kuhifadhia, nikipeleke maabara mwenyewe. Ilikuwa Ijumaa na maabara imeshafungwa, basi nikaenda nacho nyumbani, nikakiweka juu ya kabati.

Jumatatu asubuhi nachukua kichupa, kitupu! Kimeoshwa, kimefutwa, kinang'aa.

"Bibi! Nyama yangu iko wapi?"

"N'meizika, mwanangu. Pale chini ya asumini. N'meifunga kitambaa cheupe."

Jamani, nilipandwa na hasira! Nilimwambia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka nainamisha kichwa. Aliponiona nimetulia ndipo akasema, "Mamako walimkata, sikurudishiwa hata kipande nikazika. Nawe pia nikuwate utupwe?"

Kwetu kucha, nywele, hata kitovu cha mtoto, huzikwa. Na mimi nimeacha nyama ya mwili juu ya kabati, sikumweleza mtu. Sasa kosa la nani?

Nikakatwa mara ya pili. Safari hii Bibi alikuja nami, buibui lake la kutokea, kichupa amekishika kwa mikono miwili mpaka maabara. Daktari wa patholojia, yule anayepima vipande vya nyama, mama mmoja mpole, alisoma fomu yangu akauliza, "Hufugi mnyama yeyote?"

"La."

Bibi akadakia, "Na yule paka aliyekukwaruza mkono ukimtoa darini?"

Wakuu, sikuficha. Sisi paka hatumfugi! Anakuja mwenyewe, anakula miba ya samaki, anazalia darini. Nani kamfuga? Nilijibu la kwa moyo mweupe kabisa.

Daktari alicheka mpaka akavua miwani, kisha akaandika: paka.

Siku kumi za kungoja ripoti sikulala vizuri hata moja. Ripoti ikatoka: si saratani, wala si TB ya tezi. Kwenye darubini aliona vijipu vidogo vidogo ndani ya tezi, akatia rangi maalumu, akawakuta wadudu wanaoletwa na makwaruzo ya paka. Alisema bila lile neno la Bibi huenda asingewaza kutia rangi ile.

Bibi alisujudu pale pale, sakafuni mwa maabara, watu wanamkanyagia buibui. Mimi nilikuwa nalia. Vidonge nikameza, uvimbe ukanywea.

Sasa Bibi ametangulia mbele ya haki. Siku tulipomzika nilichuma asumini ya uani kwake, nikakumbuka kwamba nami nina changu kilichozikwa chini ya mti ule, na aliyekizika alinipenda. Yale maneno yangu ya ile Jumatatu sikuwahi kumwomba radhi. Nilikuwa nikisema kesho, kesho.

Funzo? Daktari akikuuliza, taja kila kitu, hata paka asiye wako. Ukienda nyumbani na kichupa, waambie watu kina nini. Na kama bibi yako yuko hai, mwombe radhi leo, angali anakusikia.

Haya, uwanja ni wenu. Kwenu paka huhesabiwa kuwa wa nyumbani?