Mpango wa Papa Dhidi ya Lotoko

Papa, baba yangu, alikuwa askari, tena mwenye cheo cha adjudant. Alipostaafu alitoka kambi ya Kapalata akaja kukaa nami Tshopo. Ni mwaka uleule mke wangu alipochoka na ulevi wangu, akamchukua binti yetu, akavuka mto kwenda kwa wazazi wake, Lubunga. Familia mbili zilikaa, zikakubaliana: nikikaa miezi mitatu bila kunywa lotoko, ile pombe kali, mpaka shule zifunguliwe, mtoto atarudi kusomea upande wetu. Niliapa mbele ya watu wote, mkono juu.

Tulipofika nyumbani Papa alinicheka.

"Bon, umeapa. Ile haiko plan, ile iko sala. Adui yako anatokeaka wapi? Saa ngapi?"

Nilikasirika. Mimi, fundi seremala mwenye mvi zangu, naulizwa kama mwanajeshi wa jana! Lakini nilijibu: saa kumi na moja, nikifunga kazi, kwenye nganda, zile baa tatu za njia ya soko.

Akamwaga majivu uani, akayasawazisha kwa kiganja, akachora mtaa wetu kwa kijiti. Kila nganda akaiwekea kifuniko cha bia. Halafu akanipa njia ya kuzungukia, ndefu, ya upande wa barrage, kwenye bwawa la umeme, na mahali pa kukimbilia kiu ikinishika: kwa mama muuza lituma, ndizi za kuponda. "Mutu wa kushiba anapigana muzuri," alisema. Na kila jioni, rapport. Nilisimama mbele yake, mikono ubavuni, nikataja nilikopita, kona kwa kona, naye anatafuna karanga bila haraka yoyote.

Wiki mbili nilimchukia. Siku moja nilimtukana waziwazi, Mungu anisamehe. Alisema tu, "Alors, umepita wapi?" Baadaye, sijui lini hasa, nikajikuta naharakisha kurudi ili nitoe ile rapport. Mikono iliacha kutetemeka. Nikamtengenezea mtoto kitanda, nikakipiga msasa siku tatu nzima.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na moja. Asubuhi Papa akiwa ananyoa ndevu alianguka, na hakuamka tena.

Matanga tuliweka palepale uani: turubai, viti vya kukodi, muziki. Mchana wenzake wa jeshi walifika na bidon ya lotoko. Kwao ndiyo desturi, askari mzee haagwi kwa maji. Mmoja akajaza kopo, akanipa mimi, mtoto wa kwanza. Nimwage kidogo chini kwa ajili ya baba, kisha ninywe, ndipo wengine waanze. Wazee wote walisimama wima, macho mekundu, wakiningoja.

Ningeweza kumwaga yote. Nani angeniua? Jirani yangu alisema baadaye kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Papa alipanga kila barabara ya mtaa, lakini hakuna kati yetu aliyepanga siku ambayo lotoko italetwa ndani ya ua wetu na watu wanaolia, wanaotupenda. Wala hatukuwaza nitampa nani rapport yeye akifa. Nilimwaga kidogo, nikanywa. Kopo la pili sikupewa na mtu. Nilijimiminia mwenyewe.

Saa kumi mke wangu akafika kutoka Lubunga na binti yetu. Kichwani alibeba mfuko mkubwa. Nikauliza ni wa nini.

"Papa alinipigia simu juzi," alisema. "Alisema umepona. Alisema tulete mutoto, tusingoje siku ziishe."

Nguo zote za mtoto zilikuwa mle ndani, hata uniforme ya shule.

Binti yangu alinikimbilia huku analia, "Papa! Papa!" Akafika hatua mbili mbele yangu, akasimama. Aliijua ile harufu. Akarudi polepole nyuma ya mama yake, akamshika kitenge.

Mke wangu hakunitukana. Afadhali angenitukana. Aliingia kumuaga Papa, nikamsikia akilia sana kule ndani, akimwita kwa sauti. Alipotoka aliinua mfuko, akauweka tena kichwani, akamshika mtoto mkono, wakateremka mtoni kutafuta pirogue ya kuwavusha kabla giza halijaingia.

Nilijaribu kusimama niwasindikize. Miguu ilikataa, nikakaa tena.