Soli za Mjukuu Wangu

Mimi ni fundi viatu. Shule sikwenda, ila soli naisoma. Nikigeuza kiatu najua mwenyewe anatembeaje na mguu upi anauvuta.

Mke wangu alipofariki, binti yangu alimleta mwanawe akae nami, nisile peke yangu. Ana miaka kumi na minne. Mama yake humwita Kupe, kwa jinsi anavyoganda kwenye kochi na simu. Chai yake sukari vijiko vinne. Mchana chipsi na soda, jioni hana njaa. Basi la shule humchukua mlangoni, likamrudisha mlangoni.

Siku moja akaniletea viatu vya shule, vimembana. Nikavigeuza. Kavivaa mwaka mzima, soli bado ina meno yake yote. Kilichokwisha ni nyuma tu, anapokanyagia asijisumbue kuinama.

Wiki hiyo hiyo mama yake alikuwa amenipigia. Nesi wa shule kampima, sukari imeanza kupanda.

Kilichomwondoa mke wangu ni hicho hicho. Alipoanza kunenepa tulisema ni raha za ndoa. Ufa tuliuona, tukausogezea kabati. Daktari alipomwambia atembee, ndipo akaanza kuwapelekea wateja viatu vyao kwa miguu. Ikampa miaka tisa. Angeanza mapema, sijui.

Kumwambia mtoto haya sikuweza. Wa maneno alikuwa marehemu. Nikamwonyesha rafu ya viatu vya wateja vilivyokwisha kushonwa.

"Hivi bibi yako alikuwa anavipeleka. Pea nane zimelala."

"Namba zao si unazo, babu?"

"Zimo kwenye simu yake."

Akaichukua, akajilaza, akapiga. Kufika adhuhuri wateja saba wamekuja wenyewe.

"Umeona, babu? Kazi kwisha."

"Nimeona. Kupe hata akifanya kazi hashuki."

Akacheka mpaka soda ikampalia.

Ikabaki pea ya mshonaji anayekaa juu mlimani. Huyo kavunjika mguu. Kwenye simu akasema, "Wa kushoto una plasta. Niletee cha kulia tu."

"Babu! Nipande kote kule kwa kiatu kimoja?"

"Kingine utapeleka plasta ikitoka."

Akaenda kanuna. Akarudi saa nzima baadaye, jasho linamtiririka, akanywa maji vikombe vitatu.

"Kule kuna ngazi! Nimepumzika mara nne."

"Bibi yako alikuwa anapumzika mara mbili."

"Na uzee wake?"

"Na sukari yake."

Akakizungusha kikombe mkononi.

"Babu, nesi alisema na mimi..."

"Nimesikia, mjukuu wangu."

Jumamosi iliyofuata akauliza kama kuna cha kupeleka. Kilikuwepo. Mke wa muuza mkaa, naye wa huko huko mlimani, alitaka kuja mwenyewe, nikamwambia asihangaike, kitaletwa. Tangu hapo mjukuu akirudi hunitajia mlangoni kapumzika mara ngapi: mara tatu. Siku ya mvua, mara nne tena. Kile cha kushoto cha mshonaji alikipeleka wiki ya sita, akapumzika mara mbili.

"Nimemfikia bibi," akasema.

Nikaenda uani kidogo, asinione uso.

Chai kapunguza kijiko kimoja tu, bado vitatu. Soda sijui akiwa shuleni.

Jana alivua viatu vyake vipya akaviacha chini ya meza yangu ya kazi. Nikavigeuza. Kisigino, upande wa nje, meno yameanza kulika. Vya marehemu navyo vilikuwa vikilika upande huo. Kipande cha mpira cha kubandika kilikuwa mkononi. Nikakirudisha kwenye kopo; acha yalike.