Kwa Baiskeli Hadi Al Wakrah

Jina lake silitaji, maana nikilitaja nitatukana. Niseme tu kwamba alilala kitanda cha juu na mimi cha chini, katika chumba cha watu sita huko Al Mansoura, Doha, na kwa miaka miwili nilimsikiliza akijisifu. Yeye alisafisha vyumba hotelini, mimi nilikuwa soja wa mlangoni kwenye duka kubwa. Sote Wakenya, sote na siku moja ya mapumziko kwa wiki. Siku hizi nimehama kile chumba, lakini hasira nimehama nayo.

Siku moja alirudi kutoka kazini na kijitabu alichokiokota kwenye pipa la taka la wageni. Mume na mke wa Kizungu walikuwa wamezunguka nchi fulani ya Ulaya kwa baiskeli, siku saba, katikati ya mashamba ya mizabibu mpaka baharini, bila mtu wa kuwaongoza. Kijitabu ndicho kilichowaongoza: kata kushoto kwenye kanisa, simama shamba hili uonje mvinyo, pumzika nusu saa, endelea. Kila asubuhi mizigo yao ilipakiwa kwenye gari ikatangulia, wao wakaendesha bila kubeba kitu. Jamaa alikisoma kile kijitabu usiku na mchana, kwa sauti, na chumba kizima tulichoka naye.

"Na sisi twende holidei," akaniambia. "Kutoka hapa mpaka bahari ya Al Wakrah. Baiskeli tunazo, barabara iko. Unataka nini ingine?"

Kweli baiskeli tulikuwa nazo. Yangu niliinunua kwa Mnepali aliyekuwa akirudi kwao, nikaipenda kupita kiasi, nikawa naifuta kila jioni kwa fulana kuukuu. Lakini Al Wakrah mimi nilikuwa na shughuli yangu, na haikuwa ya holidei.

Dada yangu mdogo alikuwa akifanya kazi za nyumbani kule. Miaka minne, nyumba moja. Likizo aliahidiwa mara mbili, na mara zote mbili ikaahirishwa. Mtoto wake alimwacha Kakamega akiwa anatambaa. Sasa anaenda shule, na kwenye simu anamwita bibi yake mama, na mama yake anamwita anti. Mkataba ulikuwa unaisha, na madam wake alitaka aweke sahihi ya miaka miwili tena. Dada alitaka kwenda nyumbani, ila ni mtu wa kunyamaza, akisimama mbele ya yule madam maneno yanamkauka. Safari hii alijikaza akasema ana kaka yake hapa Doha, na kaka ndiye atakayemsemea. Madam akakubali. Kwao pia jambo zito la binti hulisemea ndugu wa kiume. Aje Ijumaa saa tano, akasema, kabla mume wangu hajaenda msikitini. Baada ya swala tunakula, halafu tunasafiri. Asipokuja, unaweka sahihi.

Wiki ile dada alinipigia mara tatu. "Kaka, utakuja kweli?" Nikamwambia nitakuja, acha wasiwasi.

Basi liko. Ningelipanda ningefika mapema, shati likiwa safi. Niseme ukweli hata kama unaniuma: niliitaka ile holidei. Miaka mitatu nilisimama mlangoni nikiwafungulia watu wanaotoka matembezini, viatu vimejaa mchanga, na mimi nikatamani siku moja niwe mtu wa matembezi. Nikapiga hesabu yangu: tukitoka saa kumi na mbili na nusu, saa tatu tuko Al Wakrah, nioge, nibadilishe shati, niende kwa dada polepole. Jamaa nilimweleza yote, neno kwa neno, mpaka habari ya mtoto. Akaniapia kwa jina la Mungu kwamba tutawahi.

Tulitoka saa mbili kasoro. Alikuwa akitafuta soksi zinazofanana na fulana yake.

Mifuko yetu ilikuwa imeondoka tangu Alhamisi jioni. Alimpa rafiki yake Mganda, dereva anayeishi Al Wakrah, aibebe kwa gari. "Mizigo inatangulia," akasema, akikigonga kile kijitabu kwa kidole. Sikuuliza alikuwa ameweka nini ndani. Hapo nilijikosea mwenyewe, na simlaumu mtu.

Mengine yote namlaumu yeye. Kwa kuwa Doha hakuna mizabibu, na mvinyo sisi wenyewe hatunywi, mashamba ya Wazungu aliyageuza kuwa vibanda vya karak, ile chai nzito ya maziwa na iliki. Alipanga vibanda vinne. Kila kibanda lazima tukae nusu saa kamili, tunuse, tuonje, halafu aandike kwenye daftari: hii iliki imezidi, hii imechemka sana, hii ina utamu wa mbali. Utamu wa mbali! Mwanamume mzima, chai ya kikombe cha karatasi.

Kibanda cha pili nilimwambia tuondoke. "Tulia, buda," akajibu, macho kwenye kijitabu. "Hapa inasema dakika thelathini." Cha tatu damu ikanichemka, nikapanda baiskeli nikamwacha na kikombe mkononi. Akanifuata. Halafu akanipita akicheka, akasema anatangulia kupiga picha ya bahari jua halijawa kali.

Saa nne na robo tairi langu la nyuma likaisha upepo. Pancha. Barabara kuu, magari yananipita kwa kasi mpaka shati linapepea. Nikampigia.

"Pampu iko wapi?"

"Kwa mfuko, pamoja na viraka."

"Na mfuko uko wapi?"

"Si ulitangulia."

Nilimtukana matusi ambayo mama yangu hajui kama nayajua. Akakata simu. Baada ya muda akanitumia picha: yeye ufukweni, baiskeli ameiinua juu ya kichwa, meno yote nje.

Duka la fundi wa baiskeli lilikuwa upande wa pili wa barabara, limeshushwa mlango. Ijumaa asubuhi mafundi hufunga mpaka watu watoke msikitini. Hilo nalijua kama ninavyojua njia ya chumbani kwangu, na bado sikulitia kwenye hesabu.

Hapo teksi ikapunguza mwendo ikasimama. Dereva akashusha kioo, akanitazama, akaitazama baiskeli. "Wewe, ingia," akasema kwa Kiarabu cha kazini, kile tunachoelewana wote. "Baiskeli, hapana."

Ilikuwa saa nne na nusu. Kwa gari ni dakika kumi na tano tu mpaka kwa dada. Mlingoti wa taa ulikuwa pale pale, na mnyororo na kufuli vilikuwa chini ya kiti. Nikaiangalia ile baiskeli, nikawaza nitarudi nikute imebaki fremu, au nisikute kitu. Dereva akarudia. Nikamwambia aende.

Nikaanza kusukuma. Dada akaandika: Uko wapi? Nikajibu: Karibu. Akaandika tena: Mista ameshavaa kanzu. Nikajibu: Karibu kabisa. Azana ya Ijumaa ilinikuta nikisukuma, misikiti yote mara moja, na kwenye kioo cha gari lililoegeshwa nikajiona, uso umejaa chumvi ya jasho. Nilimlaani yule jamaa kila hatua. Nililaani soksi zake na daftari lake na waliomzaa.

Nilifika mlango wa nyuma wa ile nyumba saa sita kasoro. Dada alikuwa amesimama nje kivulini, amevaa gauni lake la kanisani. Alikuwa amelivaa kwa ajili ya yale mazungumzo.

"Nimeweka sahihi," akasema.

Nikaiegemeza baiskeli ukutani.

"Madam alingoja mpaka mista akatoka. Akaniuliza, huyu kaka yako yuko kweli, ama umemtunga? Nikaona aibu. Nikaandika."

Macho yake yakashuka kwenye tairi lililolala, yakapanda kwenye shati langu lililogandamana mgongoni. Sauti ikambadilika.

"Umesukuma hiyo kitu kutoka wapi?"

Nikamwambia.

"Na hukupata hata teksi?"

"Hakukuwa na teksi," nikasema.

Akashika mdomo. Akaingia ndani mbio, akarudi na jagi la maji na kikombe, na kwa upindo wa kitambaa chake cha kichwa akanifuta paji la uso. Kutoka ndani madam alikuwa akimwita aandae meza, na yeye akawa bado ananifuta.

"Pole, kaka," akasema. "Umeteseka sana kwa sababu yangu."

Nikaipokea ile pole. Nikanywa maji yote, nikamwomba aniongeze.