Mafiga ya Bibi

Mwaka ule tulikula viazi vitamu asubuhi na jioni, maana mihogo yote ilioza shambani. Juzi nilivichoma humu ghorofani kwangu Fittja, huku ughaibuni, kwenye jiko la umeme, kimoja kikaungua, na harufu ikanirudisha mlimani kwetu.

Nyumba zetu zilikaa mbalimbali mgongoni mwa mlima, kila moja na migomba yake. Mwaka huohuo chifu akaamuru tushuke wote, tujenge kwa mstari kando ya barabara. Kwetu anayehama hung'oa mafiga matatu ya jikoni, na nyumba ndiyo imekufa. Baba aling'oa yake. Bibi akakalia figa moja, lingali na joto, makalio yakavumilia.

Askari wa chifu akafoka, "We mama, inuka!"

"Mafiga yangu siyang'oi. Anayenitaka anifuate hapa."

Askari akakuna kichwa, akaomba kiazi. Bibi akampa kilichoungua. Akala, akaondoka.

Jana binti yangu alikuja na maboksi, nihamie kwake Jakobsberg. "Mama, ngazi hizi zitakuua."

Nikampa kiazi kilichoungua.

"Mafiga yangu siyang'oi. Anayenitaka anifuate hapa."