Dishi Limekatika na Jua Linawaka

Wewe mshereheshaji uliyemwambia mjukuu wangu Akoth ana kiburi cha kompyuta, soma hapa!

Leo tumemzika mzee wangu. Mwanangu Opendi yuko Dubai, amenyimwa ruhusa kazini. Ilibidi amuage baba yake kwa video, kupitia dishi la setilaiti.

Akoth akaniambia mimi bibi yake, "Jaja, kompyuta imejifunza mvua zote zilizowahi kukata dishi. Inasema mchana litakatika. Anko aongee kwanza, hotuba baadaye."

Wewe ukacheka: "Jua hili? Na mzee wa kuzuia mvua si tumemleta?"

Nikakunyang'anya maiki, nikaamuru Opendi aanze.

Opendi akaomba, akalia, akamwambia baba yake alale salama. Kusema "Amina" tu, picha ikaganda!

Uani kwetu vumbi tupu. Nikauliza, mvua iko wapi? Akoth akanyoosha kidole kule Mwello, mbali na kwetu. Mbingu nyeusi, mvua inamwagika, upande uleule dishi linakotazama.

Jamani! Mzee wa mvua alilinda uwanja wetu. Njia ya picha huko juu nani aliikumbuka? Mashine!

Siku ya kuondoa matanga, msipange ratiba kabla ya kumuuliza Akoth. Na wewe utaongea mwisho, tena kwa kifupi.