Hata Adamu Aliulizwa

Anayependa habari fupi na aondoke sasa hivi, maana hii imetiwa wanga, na kitu chenye wanga hakikunjiki upesi.

Nataka kuwaambia habari za wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu, aliyekuwa dobi. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limesahaulika hata na yeye mwenyewe; mji mzima ulimwita Bi Pasi. Alikuwa mfupi, na mikono yake ilikuwa mirefu isiyolingana na mwili, kana kwamba Mungu alianza kumuumba mtu mwingine kisha akaghairi. Chumba chake cha kazi kilikuwa nyuma ya nyumba yetu. Kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, pasi mbili za mkaa zikipokezana, na kamba zilizopita toka ukuta hadi ukuta. Ukiingia humo sharti uiname, la sivyo unapigwa kofi na suruali mbichi ya mtu usiyemjua.

Katika kunyoosha nguo sijaona mwingine. Shati lililotiwa wanga na Bi Pasi halikuhitaji mtu ndani yake. Siku moja alilisimamisha moja mlangoni lipigwe na upepo, akapita mgeni akaliamkia shikamoo mzee, na liliponyamaza akaenda zake akinung'unika kwamba watu wa mji huu wana kiburi. Mbishi na abishe. Shati lenyewe nililiona.

Lakini sifa yake kubwa haikuwa wanga. Ilikuwa mifuko. Mfuko wa mtu, alisema, ni chumba chake cha ndani, na dobi ni mpita njia tu. Chochote alichokikuta mfukoni alikitoa kabla ya kufua, na nguo ikishanyooshwa alikirudisha palepale alipokitoa, mfuko uleule, upande uleule. Barua aliipiga pasi. Tiketi aliipiga pasi. Yuko bwana mmoja aliyerudishiwa mjusi hai, na wenye kumjua yule mjusi wanasema mkia wake ulinyooka kuliko awali. Wake za watu walimjia kwa maneno matamu awaambie yaliyokuwa kwenye makoti ya waume zao. Aliwajibu kwamba yeye anafua nguo, ndoa wafue wenyewe.

Basi ikawa mtu akitia mkono mfukoni na kukuta kitu asichokikumbuka, hasemi kwamba Bi Pasi amekosea. Anasema, "Mimi nazeeka."

Mume wangu ndiye aliyekuwa mdogo wake wa mwisho. Mama yao alipofariki, Bi Pasi alimbeba mgongoni huku akifua, na ndiyo maana, nilikuwa nikimtania, yule mwanamume hakuwahi kuogopa maji ya baridi. Alipokua akawa mpiga chapa. Alikuwa na mashine moja ya kukanyaga kwa mguu, akachapa kadi za harusi, matangazo ya misiba, na vijitabu vya kila mwenye neno moyoni. Vijitabu alivipenda kuliko alivyonipenda mimi, na mimi alinipenda sana. Chakula kitapoa, yeye bado anatusimulia. Kulikuwa na mtawa mmoja huko mbali, karatasi yake ya hoja iliponyakuliwa na wapiga chapa, wakubwa wa dini wakakosa usingizi. Kulikuwa na fundi wa kushona nguo za kubana viuno vya wanawake, akaandika kijitabu chembamba, na watu wakapata ujasiri wa kumkataa mfalme wao. Bi Pasi alikipenda hicho kisa cha fundi. Alisema hakimshangazi hata kidogo. Anayejua nguo za ndani za watu hawezi kumwogopa mfalme.

Sasa mjini kwetu palikuwa na mshona viatu, mzee aliyehubiri akiwa amekaa, misumari mdomoni. Siku hizo watu walikuwa wakichukuliwa majumbani mwao na kufungiwa bila kuambiwa kosa. Ilitosha Mkuu wa mji kunyoosha kidole. Mshona viatu alikuwa na hoja moja tu. Mungu anajua kila kitu, sivyo? Alijua kabisa kwamba Adamu amelila lile tunda. Mbona basi hakumfukuza palepale? Alimwita kwanza, akamuuliza, akangoja jibu. Sasa huyu Mkuu wetu, asiyejua hata kilichoko nyuma ya kisogo chake, amekuwa nani hata asiulize?

Aliyaandika hayo, akampa mume wangu ayachape, kisha akafa usingizini, kwa raha zake, wino haujakauka. Kijitabu kikaitwa *Hata Adamu Aliulizwa*. Kilikuwa karatasi moja pana iliyochorwa mti juu yake. Ukiikunja na kuikunja tena inakuwa kitabu cha kutosha kiganjani. Kikaenea kama moto kwenye nyasi kavu.

Mkuu wa mji, ambaye kwa mwendo wake watu walimwita Kifua Mbele, akapiga marufuku. Asionekane mtu, mkubwa wala mdogo, amekifungua. Askari wakaja karakanani kwa mume wangu, wakavichoma vyote uani. Wakamtafuta mwandishi, wakaonyeshwa kaburi. Marehemu hafungwi pingu, kwa hiyo wakamchukua mpiga chapa. Kosa lake hawakumwambia, na hilo, ukifikiri vizuri, lilikuwa sawa na kukichapa kijitabu upya.

Askari wa mlango wa baraza la mji alikuwa mteja wa Bi Pasi. Ndiye aliyetunong'oneza kwamba wajumbe watakaa kabla ya wiki kwisha, wapitishe mume wangu apelekwe kwenye machimbo ya mawe. Huko walikopelekwa wengine hawakurudi, au walirudi wakikohoa vumbi mpaka wakaisha. Na kazi ya baraza haikuwa ngumu: Kifua Mbele anataja jina, wajumbe wananyanyua mikono, watu wanaenda kula.

Mimi nililia mpaka nikakauka. Bi Pasi hakulia. Alikuwa anajaribu pasi. Dobi huigusisha pasi kwenye karatasi kwanza, karatasi ikiungua anangoja ipoe, ndipo ashike shati la mtu. Karatasi zenyewe aliletewa na mdogo wake, zile zilizoharibika mashineni, na kikapu kizima kilikuwa chini ya meza. Nikaitazama aliyoishika. Kusoma sijui, lakini mti naujua nikiuona.

Wazo lilikuwa langu, na hilo simwachii mtu. Nikamuuliza, wifi, haya makoti meusi yanayoning'inia juu ya vichwa vyetu ni ya nani? Alijua nami najua. Yalikuwa ya wajumbe. Kila kikao waliyaleta kwake. Nikamwambia hawa mabwana wanakwenda kumhukumu mtu kwa kijitabu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kukifungua. Tuwape basi wakisome.

Akakataa. Akakataa tangu asubuhi hadi jua likaegemea upande wa pili, tukagombana kama mawifi wanavyojua kugombana, yaani tukiulizana kwa upole nani ameficha ufagio. Alisema tangu aanze kufua hajachukua cha mtu mfukoni wala hajatia chake. Watu wanamwamini kwa hilo, na hana kingine. Nikamwambia basi hiyo heshima aifungashe ampelekee mdogo wake machimboni, akajifunike. Neno lilikuwa kali, lakini lilifika.

Mkaa ukalialia ndani ya pasi. Mwishowe akasema:

"Jina langu nimelipata kwa kufua. Likichafuka, nitalifua."

Akakivuta kikapu. Akachagua zile ambazo wino haukuchuruzika sana, akazikunja kwa pasi mikunjo mikali kama wembe, akatia moja katika kila koti, mfuko wa ndani, upande wa moyo. Alipofika kwenye koti la Kifua Mbele nikamuuliza, hata huyu?

"Huyu ndiye nguo chafu kuliko zote," akasema. "Nitamwachaje?"

Makoti yakaenda kwa wenyewe. Mwuza mbao, mjumbe mwenye sauti kuliko wote, alikikuta kijitabu akiwa mezani na mkewe. Akakirudisha mfukoni mbio akasema ni risiti ya misumari. Kiongozi wa sala alikikuta katikati ya sala, na sala ile ikawa fupi kuliko zote alizowahi kuongoza. Kila mmoja aliwaza lilelile: hiki kilikuwa mfukoni mwangu nami sikukumbuka, Bi Pasi amekiona, amekipiga pasi, amekirudisha. Nikisema si changu, nani ataniamini mimi amwache Bi Pasi? Heri ninyamaze. Na mtu aliyenyamaza akiwa na kijitabu mfukoni mwishowe atakisoma tu. Siku ile vyoo vya wakubwa vilikaliwa muda mrefu, hata wake zao wakadhani mji umeingiwa na tumbo la kuendesha.

Yaliyotokea barazani nilisimuliwa na yule askari wa mlango, nami nimeongeza chumvi ya kuonja tu.

Kifua Mbele akataja jina la mume wangu. Kwa kawaida mwuza mbao ndiye wa kwanza kunyanyua mkono, maana njaa yake haikujua subira. Safari hii mkono ulifika begani, ukashuka. Akakohoa.

"Je, huyu ameulizwa?"

Kila mjumbe akavitazama viatu vyake. Kila mmoja alilijua neno lile limetoka wapi, na palepale akajua kwamba mwenzake naye analijua. Kiongozi wa sala akasema taratibu kwamba kuuliza si dhambi. Mwingine akasema hata yeye alikuwa akiwaza hivyo, ila alikuwa akiwaza mwenyewe tu, hakuambiwa na mtu. Kifua Mbele akafungua mdomo aseme hayo ni maneno ya kijitabu. Lakini angejuaje bila kukifungua? Marufuku ilikuwa ya mkubwa na mdogo, na aliyeitangaza ni yeye. Akaufunga mdomo, kisha akaagiza mfungwa aletwe.

Mume wangu akaletwa, amekonda, ndevu zimemvaa. Akaulizwa amefanya nini. Akajibu kwamba amechapa kijitabu. Akaulizwa kina ubaya gani. Akasema yeye ubaya hakuuona. Wakisome mbele yake, wamwonyeshe kwa kidole. Kifua Mbele akaagiza kiletwe. Askari wakasema vyote vilichomwa, kwa amri yake Mheshimiwa mwenyewe. Ikabidi aulize kama kuna mtu humu ndani mwenye nakala. Askari wa mlango anaapa kwamba wajumbe wote walikuwa wamejishika kifuani, upande wa moyo, kama watu waliopatwa na kiungulia kwa pamoja, na aliyejishika kwa nguvu kuliko wote ni aliyeuliza.

Bila kijitabu hapakuwa na kosa la kumsomea. Mikono haikunyanyuka. Mume wangu akaambiwa aende kwake.

Alifika nyumbani, nikamshika, sikumwachia upesi. Alipoelezwa tulivyofanya alimkumbatia dada yake, kisha akauliza zilitumika karatasi zipi. Kusikia ni za kikapuni akashika kichwa. Zile zenye wino uliochuruzika? Mbele ya watu wazima? Bi Pasi akamwambia wamezisoma hivyo hivyo na hakuna aliyerudisha.

Kesho yake Kifua Mbele akamwita Bi Pasi. Nilikwenda naye. Koti lilikuwa mezani, kijitabu juu yake.

"Bi Pasi, wewe hujawahi kusema uongo. Koti hili ulilikuta na nini mfukoni?"

Nilimkanyaga mguu. Uongo mdogo tu ungetosha, kauongo ka kipimo cha shanga. Akauondoa mguu wake.

"Halikuwa na kitu, Mheshimiwa. Nilikitia mimi. Na katika ya wenzako pia."

"Unajua ninaweza kukufanya nini?"

"Najua. Lakini sasa hivi watu wanaulizwa barazani. Na mimi nikiulizwa huwa nasema."

Yule bwana akaanza kupapasa mifuko ya lile koti. Nadhani alikuwa anapitia makoti yake ya miaka yote, mfuko kwa mfuko, akikumbuka yaliyorudi yamenyooshwa. Akasema tuondoke. Toka siku hiyo nguo zake alizipeleka kwa dobi wa upande wa pili wa mji, akawa anatembea amekunjamana kama karatasi ya kufungia karanga. Baraza nalo likaendelea kuuliza. Wema sijui kama ulikuwepo. Nadhani ni kwa sababu hakuna mjumbe aliyetaka kuwa wa kwanza kuacha.

Mtu mwingine angeishia hapo akajisifu. Bi Pasi alivaa kanga safi akaenda nyumba kwa nyumba kwa wajumbe, kuungama. Kwa mwuza mbao alisema: bwana, kile kilichokuwa kwenye koti lako nilikitia mimi, nisamehe. Mwuza mbao akakunja uso akasema mfukoni mwake hakukuta kitu. Kwa kiongozi wa sala vilevile: kitu gani, mama, mbona sikuelewi? Nyumba zote. Aliyegongewa mlango alikana, na mmoja akamsihi aende akapumzike, amechoka.

Akarudi nyumbani amefura. Miaka yote hajaiba wala kudanganya, na siku aliyotenda kosa lake moja, hakuna hata mtu wa kulipokea. Mume wangu akacheka mpaka akakohoa. Bi Pasi akamtupia ncha ya shuka bichi, yeye akashika ncha nyingine, wakaanza kulikamua, huyu akisokota huku, huyu akisokota kule, maji yakimwagika katikati yao. Mikono ya mume wangu ilikuwa bado haijapata nguvu, ikawa inateleza.

"Kaza, mdogo wangu," akamwambia. "Au huko walikulisha upepo?"

Akakaza.